Chupa ya Shingo Upande

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza shajara. Wasanii wana shajara, na mimi ni msanii, ingawa hapa Keza bado tunalijua wawili tu, mimi na Mungu.

Habari kubwa! Jana baada ya misa Baba Paroko alitangaza kwamba Sista Priscila atakuja Jumapili ya tarehe 15. Shirika lao lina karakana ya vioo Arusha. Anatafuta kijana mmoja wa kumfundisha kupuliza vioo. Mmoja! Chakula juu yao, malazi juu yao. Sharti ni kuleta kitu kimoja cha kioo ulichokipuliza mwenyewe. Hata kiwe kibaya namna gani, alisema Baba Paroko, mradi kiwe chako. Sharti la ajabu. Nani apeleke kitu kibaya kwa sista?

Kupuliza vioo nimekuona kwenye simu. Mtu anachota kioo kilichoyeyuka, kizito kama asali, kwenye ncha ya bomba refu. Anapuliza upande wa pili. Kinavimba kinakuwa chupa, taa, ndege. Bando liliisha katikati ya ndege. Tangu siku hiyo sina raha.

Mama (Esperansia, mwanamke asiyepiga kelele) alisema sawa, nijaribu. Nikichaguliwa, niende Arusha na baraka zake. Nisipochaguliwa, Jumanne inayofuata ni basi la Biharamulo, kwa mjomba Evaristi, nikafyatue matofali. Alisema hivyo huku akichambua maharage, bila hasira. Mama asiye na hasira ndiye wa kuogopwa.

Sitaki matofali. Niandike wazi: nikienda kwenye matofali, sitatoka.

Kazi zangu mpaka sasa: bango la saluni ya Mwanaharusi, Ngara mjini. Yule mwanamke kwenye bango ana sikio moja kubwa kuliko lenzake. Watu wanaingia kuuliza kama pale wanatibu masikio.

Mshindani ninaye mmoja tu, Teddy, binti wa katekista. Msichana mtaratibu mpaka anakera. Hajawahi kuchora hata bango. Sina wasiwasi naye.

Jumatano, 4 Juni

Kioo kinataka moto mkali. Jiko la mkaa la Mama lina moto wa maharage tu. Linahitaji upepo. Nikalala na hilo, nikaamka na jibu: drayer ya nywele!

Nilipanda bodaboda hadi mjini. Nikamwambia Mwanaharusi nataka kulirekebisha lile sikio, ila rangi mpya lazima ikaushwe kitaalamu, nyumbani, kwa majaribio. Alifurahi. Alisema mwanangu, sikio lile limenitesa, chukua. Mama wa watu hana hila. Nilijisikia vibaya hadi kwenye stendi ya bodaboda.

Mama alikuwa shamba. Jikoni sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Niliisogeza kidogo. Kidogo tu. Nikachimbia chupa ya kijani katikati ya mkaa na kuwasha drayer. Moto ulinguruma! Mkaa uligeuka mweupe. Nilijiona niko Arusha, nimevaa miwani ya kazi, watalii wananipiga picha.

Pa!

Chupa haikuyeyuka. Ilipasuka. Nusu ilibaki kwenye mkaa, nusu iliingia kwenye maharage. Kitu pekee kilichoyeyuka leo ni mdomo wa drayer.

Mama alirudi na njaa. Nikamwambia asile maharage. Akauliza kwa nini. Nikasema nina mashaka nayo. Alitazama sufuria, akatazama drayer, akanitazama mimi, halafu akaenda kuchimba viazi vitamu. Mwanaharusi amepiga simu. Sikupokea.

Ijumaa, 6 Juni

Mhunzi! Kwa nini sikumfikiria mapema? Mzee Ntirampeba, ng'ambo ya bonde, anafua majembe na miundu. Ana mivukuto ya ngozi, na mivukuto haihitaji umeme.

Kwa Mzee Ntirampeba huingii mikono mitupu. Lazima kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilibeba kimoja. Nikatoa shikamoo mlangoni, na marahaba ilikwenda moja kwa moja kwa kibuyu.

Teddy alikuwepo! Tayari! Amekuwa akija tangu Jumanne. Alikuwa amekaa nyuma ya mivukuto, jasho linamtiririka, anafukuta mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama anayetwanga. Mzee alimsifu. Alisema tangu binti huyu aje, yeye anafua majembe akiwa amekaa.

Teddy ana bomba refu alilolikata kwenye kitanda cha chuma kilichovunjika. Ana chungu kidogo cha kuyeyushia. Ana chupa alizozisaga zikawa kama chumvi. Akaniambia, kaka Privatus, moto unatutosha wote, karibu tusaidiane. Hila hiyo. Adui akikukaribisha, ujue anataka nguvu zako. Nikamjibu kwamba ningemsaidia, ila kwanza nizungumze na mwenye nyumba, ndiyo adabu.

Tulizungumza. Mzee mrija wake, mimi mrija wangu, kibuyu katikati, mpaka jua likageuka. Mzee ana mengi ya kusema. Kuhusu kioo hajui lolote, lakini alilisema kwa kirefu. Teddy alifukuta.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Teddy anigawie zamu ya bomba. Akakubali! Msichana wa ajabu. Kwa moyo huo hatafika popote.

Jumamosi, 7 Juni

Kioo kimeyeyuka. Nimekiona kwa macho yangu. Ndani ya chungu cha Teddy kilikuwa chekundu, kinavutika, kinang'aa. Nilisahau kila kitu. Hata Mzee alinyamaza, jambo ambalo ni nadra.

Nikasema mimi nianze, kwa kuwa nimemzidi Teddy umri. Teddy akasema haya. Nikachota kwa bomba. Nikazungusha, kama yule wa kwenye simu. Donge likakaa vizuri kwenye ncha. Nikaweka mdomo kwenye bomba.

Nikavuta.

Nikavuta! Sijui niseme nini. Tulikuwa kwenye kibuyu na Mzee tangu asubuhi. Maisha yangu yote, kitu kirefu chenye tundu kikinifika mdomoni, kazi yangu ni kuvuta. Ilikuja hewa ya jehanamu. Ulimi wangu! Donge likanywea, likaingia ndani ya bomba, likaganda humo.

Mzee alicheka mpaka akamwomba Teddy ampige mgongoni. Alinifariji kwamba hata yeye hajamwona mtu akipuliza mrija tangu azaliwe. Teddy hakucheka. Alinipa maji ya kusukutua, akalizibua bomba kwa msumari, kisha akazunguka nyuma ya kibanda. Nikamsikia akicheka huko.

Baadaye alipuliza yeye. Likatoka puto dogo, zuri. Akaliweka chini. Upepo ulipolipiga, likapasuka lenyewe. Nilisikitika kwa sauti. Moyoni nilipumua.

Jumapili, 8 Juni

Ulimi umevimba. Sikuimba misani. Mwalimu wa kwaya amesema leo sauti ya tatu imetulia sana.

Jumatatu, 9 Juni

Leo niandike polepole, maana ni siku ya kweli.

Nimepuliza. Nilijiambia puliza, puliza, puliza, mpaka Mzee akauliza kama nasali. Sikugusa kibuyu. Nikachota, nikazungusha, nikapuliza. Pumzi yangu ilikwenda, na kule mwisho wa bomba kioo kikapokea. Kikavimba! Pumzi yangu ilikuwa mle ndani, naiona. Sijui kama kuna mtu atakayenielewa. Nilitaka kulia nikasingizia moshi.

Baadaye mkono ulichoka. Chupa ikalemea upande mmoja, shingo ikainama. Haikurudi. Ilibaki imeinamisha shingo kama mtu anayesikiliza wanaozungumza chumba cha pili. Nikaona aibu. Teddy akaitazama kwa muda, akasema ina kitu. Najua maana ya kuambiwa kazi yako ina kitu.

Yake ikatoka mviringo kama chungwa, shingo imenyooka. Bila kasoro. Inachukiza.

Teddy amefikiria kuhusu lile puto la juzi. Anasema kioo kikipoa haraka hupasuka. Mzee akadakia kwamba dawa ya hilo kila mtoto wa Ngara anaijua: ni kuvundika, kama ndizi za pombe. Tukachimba shimo kando ya kibanda, tukatandika makaa na majivu ya moto, tukalaza chupa mbili, tukafunika majivu mengine na udongo juu. Yake upande wa njia, yangu upande wa mgomba. Tutafukua Jumamosi. Mzee akatuonya: anayefukua shimo kabla ya siku yake hula ndizi mbichi na kutukanwa na ukoo mzima.

Mama ameniuliza siku imekwendaje. Nikasema vizuri, ila shingo ya chupa imeinama. Akasema furaha yangu inaonekana. Akaniongezea ndizi kwenye sahani.

Jumatano, 11 Juni

Sijalala vizuri. Nikifumba macho naona shingo ile. Sista ataiona atauliza kama mtengenezaji alikuwa mlevi. Kisha basi. Kisha matofali.

Asubuhi wazo lilikuja lenyewe, sikuliita. Chupa mbili. Shimo moja. Nani anajua ipi ni ya nani? Shimo limeandikwa jina? Zikibadilishana upande, Teddy atafikiri joto limeipinda yake. Kioo kikilala motoni kinaweza kujigeuza, nani atapinga? Na yeye ni kijana, ana moyo mzuri, atapata nafasi nyingine. Mimi nina matofali.

Mzee alikuwa amekwenda msibani Bukiriro. Nilifukua kwa jembe lake. Majivu bado yalikuwa na joto. Nilianza na ya Teddy. Nikaiinua kwa jani la mgomba. Nilitakiwa kuihamisha tu, toka njiani hadi mgombani, hatua moja. Lakini jua lilikuwa linatoka. Nikasema niitazame kidogo. Nikaiinua juu. Ilikuwa nzuri mno! Ilijaa mwanga wote. Nikatoa simu nipige picha.

Upepo wa kilimani ulikuja. Ti! Sauti ndogo tu. Nikabaki na vipande vitatu kwenye jani.

Nilikaa chini. Niliogopa kweli. Teddy amefukuta mivukuto wiki nzima kwa ajili ya hii.

Halafu akili ikarudi. Nikipeleka habari kwamba ya Teddy imevunjika, ataniuliza nimejuaje. Kwa hiyo: chupa yangu iliyopinda nikailaza upande wa Teddy, haraka, majivu juu. Vipande nikaviweka upande wangu. Jumamosi itaonekana kwamba yake imepinda na yangu imevunjika. Nani aliyepoteza zaidi? Mimi! Sista atanihurumia. Huruma ya masista inajulikana. Nitasimama na vipande vyangu kwenye leso, mnyonge, na atasema kijana huyu ameonewa na moto.

Kwa kweli, nikifikiri vizuri, ni bora imevunjika.

Jumamosi, 14 Juni

Tumefukua. Nililia vizuri. Mzee aliona huruma akanipa mrija bila mimi kuleta kibuyu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Teddy aliishika ile chupa iliyopinda. Akaigeuza. Akaitazama tena. Akaja kutazama vipande vyangu, akakishika kimoja, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Nikasema moto hauna adabu. Akasema ndiyo. Akauliza kama kuna mtu alipita hapa katikati ya wiki. Mzee akasema hajui, alikuwa msibani. Mimi nikasema mbuzi.

Teddy alifunga chupa kwenye kanga yake, akaniambia kesho, kaka Privatus. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuipenda njia ya kurudi nyumbani leo.

Jumapili, 15 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, nisiruke.

Baada ya misa tulikaa ukumbini kwa Baba Paroko. Mama alikuwepo amevaa kitenge cha Pasaka. Katekista alikuwepo. Sista Priscila ni mfupi, ana makovu ya moto mikononi, anazungumza taratibu. Nilipiga shikamoo ya kunyenyekea sana. Nikafungua leso. Nikaeleza. Sauti ilinitetemeka mahali nilipopanga. Sista akasema pole sana, akaviweka vipande mezani.

Teddy akafungua kanga.

Sista akaichukua ile chupa akaenda nayo dirishani. Akaizungusha kwenye mwanga, polepole. Nikamwambia Mama kwa kunong'ona kwamba sasa anatafuta maneno ya upole ya kuikataa. Sista akageuka. Akasema amefundisha vijana wengi, na karibu wote hupigana na kioo. Aliyepuliza hii alikiacha kioo kiende kinakotaka, akaenda nacho. Akasema jambo hilo yeye hawezi kulifundisha, mtu huja nalo. Akasema anayemtaka ni aliyefanya chupa hii.

Ukumbi ukashangilia. Katekista akasimama kumkumbatia mwanawe.

Teddy akasema, Sista, hii si yangu. Hii ameipuliza Privatus.

Kila mtu akanitazama. Na mimi nikaona mtego! Nikaona wazi: amegundua. Nikikubali ni yangu, swali la pili litakuwa vipande ni vya nani, na la tatu nani alifukua shimo. Mbele ya Baba Paroko! Mbele ya Mama! Nikaruka. Nikasema si yangu. Sista akaniuliza kama nina hakika. Nikasema, Sista, mimi nifanye kitu kama kile? Nikasogea nikazionyesha kasoro zake moja moja. Shingo imeinama. Tumbo limelala upande. Mdomo hauna mduara. Nikaapa kwa jina la marehemu babu. Baba Paroko akakohoa. Mama akasema, Privatus, ulinieleza Jumatatu kuhusu shingo. Nikasema Mama amechanganya.

Sista aliniangalia. Hakuwa amekasirika. Alichukua vipande viwili vya kwenye leso akaviunganisha kwa vidole, akavitazama unene wake, sawasawa pande zote, akamuuliza Teddy kama hivi ndivyo vyake. Teddy akasema ndiyo. Sista akaelewa yote, niliona akielewa. Akasema pumzi ya Teddy imetulia, na hilo pia ni jema, ataondoka naye. Halafu akanigeukia. Akasema kwangu alikuwa tayari, lakini hawezi kumfundisha mtu anayemkana mtoto wake mbele ya watu, kwa kuwa tanuri litakapomuunguza atalikana pia.

Niliumia. Hakuna njia nyingine ya kuandika. Niliumia hapa kifuani kama siku ile ya ulimi, na maji ya kusukutua hayapo.

Mama alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Mlangoni aliniambia alikuwa amenifungia sabuni mbili, moja ya Arusha, moja ya Biharamulo. Akatoa ya Biharamulo.

Jumatatu, 16 Juni

Teddy alipita kuniaga. Sikumtarajia. Nilidhani amekuja na baba yake na fimbo. Alikuja peke yake, na ile chupa. Akasema ni yangu, nikae nayo. Nikaanza kumweleza kuhusu mbuzi. Akasema, kaka Privatus, acha. Akasema Sista huja tena mwakani, na chupa ipo. Akaenda.

Nilisimama pale mlangoni kama kigingi. Nilitaka kumwita nimwombe radhi. Nikaona ameshafika kwenye migomba, itabidi nipige kelele, majirani wasikie. Nitamwandikia. Baadaye.

Jumatano, 18 Juni

Biharamulo. Joto kuliko kwetu. Mjomba Evaristi ni mtu mwema lakini anaamka kabla ya jogoo na anataka wote waamke hivyo. Mikono yangu ni udongo mtupu. Tope linakanyagwa kwa miguu, linajazwa kwenye kibao, linapigwa, linaanikwa. Kisha tena. Kisha tena.

Chupa nimeiweka dirishani. Jioni jua liliipitia, ukutani pakawa na kivuli cha kijani kinachotembea. Ni nzuri. Sasa naiona. Mke wa mjomba aliingia na chai, akasimama, akauliza kitu hiki kizuri kimetoka wapi. Nikakaza moyo. Nikamwambia ukweli: nimekipuliza mimi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaenda kumwambia mjomba, na mjomba naye akacheka.

Nimetafakari sana kuhusu yaliyotokea. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa, ndiyo maana ya shajara. Kosa langu sasa nalijua vizuri. Nilihamisha zile chupa Jumatano, zikiwa bado na moto. Ningengoja mpaka Ijumaa.

Mjomba amesema Jumamosi atakagua matofali, na mwenye matofali bora atapelekwa kusimamia tanuri, kazi ya kivulini. Hapa kuna kijana anaitwa Nduwayo, mkimya, matofali yake yamenyooka kama yamekatwa kwa msumeno. Yangu yana mgongo. Tunaanika uwanja mmoja, mistari yake imepakana na yangu, na hakuna anayeweka alama.

Kesho yatakuwa hayajakauka. Safari hii sina haraka.